Kufunga, kuacha ugali ama kupangua sahani? Nimejaribu zote tatu hapa Kisumu

Nianze na pesa kwa sababu ndiyo ilinifungua macho. Mimi niko na kibanda cha M-Pesa Kondele, nakaa kwa kiti saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na siku moja mwaka jana saa tisa mchana, nimetoka tu kula ugali na mbuta kwa jirani, mteja akanipa 500 nimwekee kwa simu, nikamwekea 5,000. Sikuwa nimelala, macho yalikuwa wazi kabisa, ni kichwa kilikuwa kimeenda zake. Kijana wa watu alirudi mwenyewe akanirudishia, Mungu ambariki, lakini nilienda nyumbani nikijiuliza huu usingizi wa kila siku saa nane saa tisa utaniuza siku gani.

Nikaanza kuuliza watu wanakula aje. Kosa kubwa hilo, kwa sababu Kisumu kila mtu ni daktari wa chakula. Shemeji yangu anafunga hadi saa sita mchana na anaongea kuhusu hiyo kufunga kuliko vile anaongea kuhusu watoto wake. Rafiki yangu wa chama ameacha ugali kabisa, sketi zinamwanguka. Alafu kuna nesi mmoja mteja wangu, mama mpole, yeye aliniambia tu "usiache kitu, geuza vipimo." Nikaona badala ya kubishana nitajaribu zote, kila moja wiki tatu, naandika kwa kile kijitabu changu cha float, ile hesabu ya pesa za kibanda: saa ngapi njaa, saa ngapi usingizi, nimetumia pesa ngapi.

Tuelewane kwanza tunalinganisha nini. Kufunga: unakula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, yale masaa 16 mengine ni maji na chai ya rangi bila sukari. Kuacha ugali: hakuna ugali, chapo, mchele, mandazi wala viazi, wengine wanaiita keto lakini keto yenyewe ni kali zaidi, huko unatakiwa ukae chini ya gramu 50 za wanga kwa siku nzima na kipande cha ugali cha gramu 200 peke yake kinakaribia kumaliza hiyo hesabu. Kupangua sahani: chakula ni kile kile cha kwetu, ila nusu ya sahani inakuwa mboga, robo ugali, robo samaki ama maharagwe ama kuku. Hii ya tatu haina jina tamu, ndio maana huko TikTok hakuna mtu anaipigia kelele.

Sasa njaa na usingizi, kwa sababu ndiyo ilinileta hapa.

Kufunga, wiki ya kwanza kichwa kiliniuma vibaya, na nikikumbuka vizuri si njaa ilikuwa inaniuma, ni ile chai yangu ya saa moja yenye vijiko 3 vya sukari nilikuwa nimeinyima mwili ghafla. Siku ya tano hivi mwili ukachoka kulalamika na asubuhi nikawa mwepesi kweli, nahesabu pesa kama mashine. Shida ilikuwa saa sita ikigonga. Ukikaa na njaa kutoka jana alafu uone chapo madondo, unaiona kama ndugu aliyepotea. Kawaida nilikuwa nakula chapo 2, nikafika 4, na saa tisa usingizi ule ule ukarudi na dada yake. Jirani yangu wa Kaloleni, Mwislamu, alinicheka: "Mama, sisi tunafunga mwezi mzima na kuna watu wanatoka Ramadhani wameongeza kilo, kazi si kufunga, kazi ni futari." Ukweli mtupu.

Kuacha ugali, nisidanganye mtu, usingizi wa mchana uliisha ndani ya siku 3. Nakula mayai 2, avokado, kabeji na kipande cha samaki, na saa tisa niko macho kama askari wa zamu. Na kilo 3 ziliondoka wiki ya kwanza nikaanza kuimba. Alafu yule nesi akaniharibia furaha, akaniambia nyingi ya hizo ni maji, kwamba mwili unaweka akiba yake ya wanga pamoja na maji na ukimaliza ile akiba maji nayo yanatoka, ukirudi kwa ugali yanarudi pia. Wiki ya pili choo kikawa kigumu. Wiki ya tatu nikaanza kuota ugali, na si mfano, niliota mwiko na sufuria na mvuke.

Kupangua sahani ilianza na aibu kidogo. Nilichukua ugali ule nauziwa kila siku kwa kibanda nikaupeleka kwa bakuli hadi kwa muuza nyama jirani, nikamwomba anipimie kwa mizani. Akaniangalia. Akapima. Ukitoa bakuli ilikuwa gramu 640. Mimi mtu wa kukaa kwa kiti masaa 12, nilikuwa nabeba mchana mmoja zaidi ya gramu 150 za wanga na kalori 700 na kitu za ugali peke yake, mboga na samaki bado! Mtu wa kubeba mawe atatumia hizo, mimi nitazitumia wapi, kubonyeza simu? Basi nikaanza kuomba ugali wa ukubwa wa ngumi yangu na mboga mara mbili. Usingizi haukuisha kabisa kama ile ya kuacha ugali, ulipungua tu hadi ukawa ni kupiga miayo. Na hiyo miayo nimekuja kujua ni ya kila mtu, saa ya mwili yenyewe inashuka kidogo kati ya saa saba na saa kumi hata ukikosa kula. Kitu kilinisaidia hapo ni kutembea dakika 10 baada ya kula, kutoka kibandani hadi stegi na kurudi, kwa sababu misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwa damu. Kupanga mpangilio pia, mboga na samaki kwanza, ugali mwishoni, sukari haipandi kwa kasi ile.

Kwa uzito je? Kijitabu changu kinasema kufunga nilipungua kilo 1, kuacha ugali kilo 4 zikarudi 3, kupangua sahani kilo 1 na nusu ambayo haijarudi. Lakini mimi ni mtu mmoja tu. Watafiti wamezipambanisha hizi vitu na watu wengi na majibu yao yanapunguza kelele. Kule Stanford, Marekani, 2018, walichukua watu 609, wengine wakala wanga kidogo, wengine mafuta kidogo, mwaka mzima. Wa wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kidogo kilo 5.3, na wakasema hiyo tofauti kitakwimu si kitu. China nao, Guangzhou, 2022, watu 139 wenye unene, wote walipunguziwa kalori, nusu yao wakaambiwa pia wale ndani ya masaa 8 tu. Baada ya mwaka, kilo 8.0 kwa 6.3, na hapo pia wakasema haitoshi kusema masaa ndio yalifanya kazi. Kwa hivyo yule shemeji akikwambia siri ni saa sita, mwache aongee, wewe angalia ni kiasi gani kinaingia.

Hapa nitatoka nje ya mstari kidogo kwa sababu ni muhimu kuliko hizo tatu zote. Nilipokuwa kwa ile ya tatu, usingizi umepungua, bado nikipanda ngazi za Jubilee Market moyo unapiga kama ngoma. Nesi akasema twende upimwe damu. Hb yangu, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 10.4. Mwanamke ambaye hana mimba anatakiwa asishuke chini ya 12, ndivyo WHO wanasema. Sasa mimi na kufunga kwangu na kuacha ugali kwangu, shida kubwa ilikuwa damu! Wakanipima pia malaria na minyoo na bilharzia, kwa sababu sisi wa karibu na ziwa hizo ni wageni wa kila siku, zikakosekana. Wakaniuliza nakunywa chai lini. Nikawaambia ukweli, chai ya maziwa na chakula asubuhi, mchana, usiku, mimi nimezaliwa Maragoli, chai ni maji yetu. Kumbe majani ya chai yanashika yale madini ya chuma ya mboga, yanayotengeneza damu, yasiingie mwilini. Wakanipa vidonge na wakaniambia chai isogee saa moja mbali na chakula, na mboga niile na kitu kichachu, ndimu ama nyanya mbichi ama chungwa. Miezi 3 baadaye ilikuwa 12.3 na ngazi sizisikii tena.

Kwa hivyo kabla hujachagua njia yoyote, kama uchovu wako ni wa kila siku, hasa wewe mama ambaye hedhi yako ni nzito, nenda upimwe damu na sukari kwanza. Ni bei ya kuku nusu.

Haya turudi. Pesa.

Kufunga ndiyo bei rahisi, hakuna cha kubishana, chai na mandazi za asubuhi zimetoka kwa bajeti. Kuacha ugali ndiyo iliniumiza, kwa sababu ugali ndio unajaza tumbo kwa bei ndogo na ukiutoa lazima kitu kingine kijaze, mayai, avokado, samaki mzima badala ya kipande, na msimu wa avokado ukiisha unalia. Kijitabu kinasema nilitumia karibu mara mbili. Na hapo sijahesabu nyumbani, maana baba watoto na watoto walikuwa wanakula ugali wao, kwa hivyo nilikuwa napika jikoni mbili kama niko na hoteli. Kupangua sahani ilitoka karibu sawa na zamani, mboga imepanda kidogo, unga umeshuka kidogo, soda imetoka.

Alafu kuna watu. Hii hakuna mtu anakuwekea kwa ulinganisho na ndiyo inavunja wengi. Wiki ya pili ya kuacha ugali tulienda kwa wakwe, Siaya. Mama mkwe amesonga kuon, yaani ugali, ya mtama na muhogo, ile nyeusi, na mboga ya osuga iliyolala kwa maziwa usiku mzima, na ngege wa mchuzi. Nikachukua mboga na samaki. Akaniangalia.

"Nyar Maragoli, unaumwa?"

"Hapana Mama, napunguza tu ugali."

"Unapunguza ugali ya nani? Hii nimesonga mimi."

Nikala. Nikala na nikaongezwa. Mwezi uliofuata tulirudi nikiwa kwa ile ya sahani, nikaanza na osuga, nikaongeza osuga, samaki, na ugali nikakata kidogo mwishoni, na hakuna mtu alijua niko kwa dayati. Mama alifurahi kwa sababu nilimaliza mboga yake. Kufunga nayo, matanga yakitokea, na huku matanga hayakosi, chakula kinakuja saa kumi ama saa tatu usiku, hakiulizi masaa yako.

Sasa kama umefika hapa na unaona utaenda na sahani, kuna ulinganisho mwingine mdogo mdogo ndani yake ambao watu wanabishana sana, na nyingi ya hiyo mabishano ni hewa.

Unga kwanza. Watu wanasema unga wa pakiti ni sumu na wa posho, ule wa kusagiwa mtaani, ndio afya. Polepole. Mahindi ya posho yanasagwa na ganda na kiini, yana nyuzi zaidi, unashiba haraka na choo kinakuwa sawa. Lakini unga wa pakiti, tangu 2012 sheria ya Kenya inalazimisha kampuni ziongeze chuma, zinki na vitamini, na wa posho hauongezwi kitu. Mtu wa damu chini kama mimi hiyo si kitu cha kudharau. Alafu wa posho una yale mafuta ya kiini kwa hivyo unaharibika haraka, saga kidogo kidogo, usisage debe zima ukaweka miezi. Na mahindi yakiwa na unyevu yanaota ile kuvu yenye sumu ya aflatoksini, 2004 kule Ukambani iliua watu zaidi ya 100, kwa hivyo kama gorogoro inanuka uvundo ama punje zina rangi rangi, rudisha, hata mwuzaji akikuna kichwa. Mimi nachanganya, posho ya mahindi na wimbi, nusu kwa nusu, watoto walilalamika rangi wiki moja wakanyamaza. Ila usidanganyike na rangi: ugali wa brown wa gramu 640 bado ni gramu 640.

Asubuhi, chai na mandazi ama uji wa wimbi? Uji, na sitafikiria mara mbili. Wimbi una kalsiamu zaidi ya gramu 300 hivi... ngoja, miligramu, miligramu 300 na kitu kwa gramu 100 za unga, hiyo inapita maziwa kwa uzito ule ule ingawa mwili hauichukui yote, na ukiuchachusha usiku mmoja unachukua vizuri zaidi na ladha inakuwa ile ya shosho. Lakini uji wenye vijiko 4 vya sukari ni mandazi ya maji tu. WHO wanasema sukari ya kuongeza ikikaa chini ya gramu 25 kwa siku ndio bora zaidi, hiyo ni kama vijiko 6, na mimi kwa chai peke yake nilikuwa 9. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50. Moja tu. Sina mengi ya kuongeza kuhusu soda, toa.

Kama hupendi uji, viazi vitamu vya kuchemsha, hasa vile vya ndani rangi ya machungwa ambavyo vinalimwa sana Busia na Homa Bay, na yai moja. Vina vitamini A mingi na vinakaa tumboni hadi saa saba.

Mboga ndio raha yangu kwa hivyo mnivumilie. Jumapili naenda Kibuye mapema kabla jua halijawa kali, akina mama wamepanga kwa gunia chini: osuga, dek, apoth, boo, mitoo, ododo. Kama wewe si wa huku, hizo ni managu, saga, mrenda, kunde, mitoo na terere. Miaka ya nyuma watu waliziona ni chakula cha maskini, mgeni akija unamkimbilia kabeji. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT, ambaye ni wa huku kwetu magharibi, ametumia maisha yake ya kazi kuonyesha hizi mboga zinaacha kabeji mbali kwa chuma, kalsiamu na vitamini A, na Umoja wa Afrika ukampa tuzo ya sayansi 2010. Je sukuma wiki ni mbaya? Hapana bana, sukuma ni mboga nzuri sana, kalsiamu yake inaingia mwilini vizuri, tatizo ni vile tunaifanyia. Tunaikata nyembamba kama uzi, alafu ndio tunaosha, vitamini zinaenda na maji, alafu tunaikaanga kwa mafuta mengi hadi iwe kahawia. Osha kwanza, kata, dakika chache kwa moto, toa ikiwa bado kijani. Na osuga chungu, watu wanachemsha wanamwaga maji mara mbili, nusu ya uzuri imeenda kwa sinki. Changanya na boo ama ododo uchungu upungue, ama ilaze kwa maziwa kama mama mkwe. Ile munyu ya majivu na magadi tunazoweka kwa mrenda, weka kidogo, magadi inaua baadhi ya vitamini na mtu wa presha haimfai.

Samaki ama kuku? Hapa jibu linategemea mfuko. Kwa bei ya kitu unachopata, omena haina mpinzani, unaila na mifupa yake, protini, kalsiamu, chuma, zinki, yote kwa kopo moja. Chagua ile imeanikwa kwa wavu, ile ya mchangani utatafuna mchanga hata uoshe na maji moto mara tatu. Ngege ni mtamu, lakini uliza kama ni wa ziwa, kuna wa barafu kutoka China amejaa sokoni, si sumu lakini usilipe bei ya ufukwe wa Dunga kwa samaki wa kontena. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, minofu inaenda ng'ambo na sisi tunabaki na mgongo wazi, ile mifupa ya kukaangwa, tamu ajabu, shida ni mafuta. Angalia karai: mafuta yakiwa meusi kama oili ya gari, pita. Samaki wa mchuzi anashinda wa kukaanga kila siku ya wiki. Kuku wa broila ni sawa, chipo kuku ndio si sawa, na smokie na soseji za asubuhi hizo ni za siku moja moja, nyama za kusindikwa WHO waliziweka 2015 kwa orodha ya vitu vinavyosababisha kansa.

Dada yangu yuko Nakuru, yeye omena anaiona Krismasi, sahani yake ni githeri na viazi na sukuma. Nilimwambia githeri yako ongeza maharagwe mahindi yapungue, viazi usiviite mboga, basi. Kwake inafanya kazi vile vile.

Sasa ningekwambia uchague gani. Kama kazi yako ni ya mwili, mjengo, mkokoteni, kulima, usipunguze ugali, huo ndio mafuta yako, wewe toa soda na mandazi na uongeze maharagwe ama omena. Boda usijidanganye, pikipiki ndiyo inafanya kazi, wewe umekaa kama mimi. Kama unakaa kwa kiti, mwalimu, keshia, dereva, fundi wa nguo, nenda na sahani. Kama wewe asubuhi huwa huskii njaa lakini usiku unarudi jikoni mara tatu, kufunga kunaweza kukufaa, na hata mimi nimebaki na kipande chake, jikoni kwangu kunafungwa saa mbili usiku. Kama una sukari, kuacha ugali kunaweza kukusaidia sana lakini mwambie daktari KABLA, kwa sababu ukipunguza wanga ama ukifunga na dawa imebaki kipimo kile kile, hasa sindano ya insulini, sukari inaweza kushuka hadi uanguke barabarani. Mjamzito, anayenyonyesha, mtu wa vidonda vya tumbo ambaye njaa inamchoma, na watoto, kufunga mtoe kabisa kwa orodha. Mtu wa gauti apunguze omena. Mtu wa figo asichukue ushauri wangu hata mmoja kuhusu mboga kabla hajauliza kliniki yake.

Na wewe ambaye una harusi mwezi ujao na unataka nguo iingie, sawa, acha ugali wiki 3, itaingia. Usikodi nguo ya mwezi unaofuata.

Mimi nimebaki na sahani, huu ni mwezi wa kumi na moja. Mwanzoni mama wa kibanda alikuwa ananiuliza kila siku kama nimefilisika, maana nilikuwa naomba ugali nusu. Siku hizi haulizi. Akiniona navuka barabara anakata ugali wa ngumi, anajaza osuga hadi inamwagika, anaweka kijiko kikubwa cha omena na kipande cha ndimu pembeni, na bado ananitoza bei ya sahani kubwa.